Siku tano kwa miguu Swaledale, kutoka Richmond hadi Hawes

Swaledale ni bonde la mto Swale, kaskazini mwa Yorkshire nchini Uingereza. Neno dale lenyewe maana yake ni bonde, kwa hiyo anayesema "bonde la Swaledale" amesema bonde mara mbili. Njia inayoelezwa hapa inaanzia Richmond, mto unakoachana na vilima, inaufuata kuelekea chanzo chake, kisha siku ya tano inavuka mlima na kushukia Hawes kwenye bonde jirani la Wensleydale. Jumla ni kilomita 65 hadi 70. Kwa karibu nusu ya safari utakuwa unakutana uso kwa uso na watembeaji wa Coast to Coast, njia ndefu inayovuka Uingereza pwani hadi pwani, ambao wengi wao hutoka magharibi kwenda mashariki. Usishangae, hujapotea.

Msimu wa kwenda ni nusu ya pili ya Juni hadi wiki ya kwanza ya Julai. Kabla ya hapo maua ya mashambani hayajakomaa. Katikati ya Julai wakulima huanza kukata majani, na shamba lililokuwa na rangi kumi hubaki na moja. Vyumba ni vichache na watembeaji ni wengi, hivyo weka nafasi miezi kadhaa kabla, ukianza na Keld, maana huko vitanda huisha kwanza.

Siku ya 1: Darlington hadi Richmond

Treni kutoka King's Cross, London, hufika Darlington kwa takriban saa mbili na nusu. Richmond haina treni. Reli yake ilifungwa kwa abiria mwaka 1969, na stesheni ya zamani leo ina sinema na mikahawa. Kutoka Darlington unapanda basi.

Hapa saa ya Kiswahili inahitaji kuzoeshwa. Mwishoni mwa Juni jua huchomoza saa kumi na nusu alfajiri na kuzama karibu saa nne kasorobo usiku. Kwa mtembeaji hiyo ni neema, kwa sababu hata ukichelewa saa tatu njiani bado unafika na mwanga. Kwa Mwislamu ni hesabu nyingine. Magharibi inaswaliwa wakati ambao nyumbani watu wamekwisha kulala, na giza kamili halifiki kabisa, ndiyo maana ratiba za Isha za huko hukadiriwa na hutofautiana. Chagua ratiba moja kabla ya kuondoka, kwani bondeni hakuna msikiti wa kuulizia. Kuhusu chakula, samaki wa kukaanga na chipsi si salama kwa kila mtu kama wengi wanavyodhani: Yorkshire maduka mengi ya chipsi bado hukaangia mafuta ya ng'ombe. Uliza kabla hujaagiza.

Mchana uliobaki unatosha kwa ngome, iliyoanza kujengwa miaka ya 1070 na Mnormani Alan Rufus. Mnara wake una urefu wa mita 30 na kutoka juu unaona mwanzo wa njia ya kesho. Mwaka 1916 ngome hiyo ilifungiwa vijana waliokataa vita kwa sababu ya imani. Kumi na sita kati yao walipelekwa Ufaransa, wakahukumiwa kifo, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha miaka kumi na kazi ngumu. Maandishi ya penseli ya wafungwa bado yako kwenye kuta za seli.

Nunua hapa vitu vyote vya duka la dawa na vya duka la vifaa: plasta za malengelenge, betri, koti la mvua. Ramani ni ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, kipimo cha 1:25,000, karatasi OL30. Richmond yenyewe imo kwenye karatasi 304. Usitegemee simu. Mtandao hukatika mara tu bonde linapobana.

Siku ya 2: Richmond hadi Reeth, kama kilomita 17

Njia inatoka mjini kuelekea magharibi, chini ya jabali la Whitcliffe. Juu ya jabali kuna mahali paitwapo Willance's Leap. Mwaka 1606 Robert Willance alikuwa akiwinda, ukungu ukamfunika, farasi wake akaruka ukingoni. Farasi alikufa, yeye akavunjika mguu, na inasimuliwa kwamba alimpasua farasi tumbo akauingiza mguu ndani ili usigande kwa baridi mpaka alipookolewa. Mguu ulikatwa baadaye. Watu husimulia kisa hiki kwa ajili ya farasi, lakini kilichotokea ni kwamba mtu wa hapa hapa hakuona ukingo. Ukungu ukishuka, simama, tazama dira, kisha ndipo uende.

Kusoma njia ni rahisi ukijua rangi. Mshale wa manjano ni njia ya miguu tu. Wa bluu ni ya miguu, farasi na baiskeli. Kwenye ramani, vistari vya kijani vinaonyesha njia yenye haki ya kupita kisheria, hata ikikatiza katikati ya shamba la mtu. Vistari vyeusi vinaonyesha tu kwamba kuna njia ardhini, bila kukuhakikishia haki hiyo. Kosa la wageni wengi ni kufuata vistari vyeusi na kuishia kwenye lango lililofungwa.

Vivuko vya kuta ndivyo vinavyokula muda. Kuna ngazi ya mbao inayopanda na kushuka juu ya ukuta, kuna mawe marefu yaliyochomoza ukutani kama vidato, na kuna upenyo mwembamba wa mawe, mpana juu na mwembamba chini, ili mguu wa mtu upite na kondoo abaki. Upenyo wa aina hii mara nyingi una kilango chenye springi kali. Vua begi, lipitishe juu kwanza, kisha pita kiubavu huku ukishika kilango kwa mkono wa nyuma, la sivyo kitakuchapa muundi. Katika siku moja utavuka kadhaa wa kadhaa, kwa hiyo kilomita 17 za hapa si sawa na kilomita 17 za barabarani.

Baada ya vijiji vya Marske na Marrick njia inashuka msituni kwa ngazi za kale za mawe bapa, zinazosemwa kuwa 375, hadi kwenye mabaki ya nyumba ya watawa wa kike wa Kibenedikto ya karne ya 12. Zikiwa na maji zinateleza vibaya. Shuka taratibu na utembee pembeni, ambako mawe hayajasuguliwa.

Ukiwa unapumzika, tazama ukuta wowote ulioegemea, kwa sababu utakuwa nao siku zote zilizobaki. Hakuna saruji wala udongo ndani yake. Kwanza nyasi na udongo wa juu huondolewa mpaka ardhi ngumu, mawe makubwa kabisa yakalazwa chini. Juu yake hupandishwa kuta mbili zinazoinamiana, upana wa karibu sentimita 70 chini na nusu yake juu. Katikati hujazwa mawe madogo, moja moja kwa mkono. Mjenzi mbaya humwaga kifusi kwa koleo, na ukuta wake hufura tumbo baada ya majira machache ya baridi. Kufikia urefu wa goti au paja huwekwa mawe marefu yanayopenya upande hadi upande ili kuzifunga kuta mbili pamoja. Katika bonde hili mara nyingi huachwa yachomoze, ndiyo ile mistari unayoiona ukutani kwa mbali. Juu kabisa mawe ya kilele husimamishwa kwa ubavu kama vitabu kwenye rafu. Kanuni mbili zinatosha kumtambua fundi: kila jiwe likalie mawe mawili, na urefu wa jiwe uingie ndani ya ukuta badala ya kulala kufuata uso wake. Jiwe lililolazwa kufuata uso huvutia macho na hudondoka mapema. Kinachobomoa kuta haraka kuliko barafu ni mtu aliyepanda juu yake kwa uvivu wa kutafuta kivuko.

Reeth ina uwanja mkubwa wa nyasi katikati, duka, na nyumba za wageni pande zote. Kijito cha Arkle Beck kinapita pembeni kwenda kukutana na Swale. Mwezi Julai 2019 mvua ya mchana mmoja tu ilifurisha vijito vya hapa, nyumba zikaingiwa na maji na daraja la barabara ya Grinton Moor likasombwa. Swale nao hupanda haraka mno. Mvua ikiwa imenyesha juu usiku, muulize mwenye nyumba kabla ya kuchagua njia ya kando ya mto.

Siku ya 3: Reeth hadi Gunnerside kwa njia ya migodi, kama kilomita 15

Kuna njia ya mtoni, ya kilomita 10, laini na nzuri. Isipokuwa hali ya hewa ni mbaya, iache na upande migodini. Bila siku hii hutaelewa kwa nini vijiji hivi vidogo vina makanisa makubwa ya Kimethodisti na nyumba nyingi kuliko wakulima.

Kilichochimbwa hapa ni risasi, madini ambayo sisi tumeyapa jina moja na kinachotoka kwenye bunduki. Kutoka daraja la Surrender fuata barabara ya kokoto hadi Old Gang. Hapo pana mabaki ya kiwanda cha kuyeyushia, dohani bado imesimama, na juu yake mlimani safu mbili za nguzo za mawe zenye urefu wa zaidi ya mita 100. Hilo lilikuwa ghala la mboji, ule udongo mweusi wa mlimani unaokatwa kama matofali na kukaushwa. Kati ya nguzo kulikuwa wazi makusudi ili upepo upite na kukausha kuni hizo za udongo.

Mbale, yaani mawe yenye madini, ilivunjwa kwa nyundo, ikaoshwa kwa maji ili mawe mepesi yaondoke na risasi nzito ibaki, kisha ikayeyushwa. Moshi ulipitishwa kwenye mfereji mrefu wa mawe unaopanda mlimani. Humo ndani risasi iliyokuwa moshini iliganda ukutani na kukwanguliwa baadaye, kazi waliyotumwa vijana. Sumu waliivuta wao.

Baada ya Old Gang njia inapanda hadi zaidi ya mita 500, kwenye jangwa la changarawe la Melbecks ambako baada ya karne na zaidi majani bado hayajaota. Kosa la kawaida hapa ni kukata kona kwa sababu kila kitu kinaonekana wazi. Ardhi imetobolewa mashimo, mengine yamefunikwa kwa mbao zilizooza chini ya changarawe. Baki kwenye njia. Usinywe maji ya vijito vya hapa hata kwa kichujio; kichujio cha vijidudu hakiondoi risasi. Watoto wasichezee mchanga wa migodi, na mikono ioshwe kabla ya kula.

Ukifika ukingo wa korongo la Gunnerside Gill utaona mlima ng'ambo umechanwa mifereji mikubwa toka juu hadi chini. Nayo ni kazi ya watu. Wachimbaji walijenga bwawa la udongo juu ya mlima, wakangoja lijae, wakalibomoa kwa mara moja. Maji yaliporomoka na kubeba udongo wote, yakiacha mshipa wa madini wazi. Wakarudia, na wakarudia tena. Shuka kwa uangalifu kwenye mfereji wa Bunton, kokoto zake hukimbia chini ya mguu, halafu fuata kijito hadi kijijini. Njiani utaupita mdomo wa handaki la Sir Francis, lililoanzwa mwaka 1864.

Miaka ishirini hivi baadaye risasi ya bei nafuu kutoka nje, hasa Hispania, iliangusha soko. Familia zilihama kwa wingi: wengine migodi ya makaa ya Durham, wengine viwanda vya nguo vya Lancashire, wengine Marekani.

Siku ya 4: Gunnerside, Muker, Keld, kama kilomita 14

Anza mapema, ili uwe na muda wa kusimama. Baada ya kilomita chache kuna daraja la Ivelet, tao moja la mawe lililonyanyuka kama mgongo wa paka aliyeshtuka. Pembeni mwake kuna jiwe bapa lililolala. Ni la kutulizia jeneza. Kabla ya mwaka 1580 makaburi yaliyowekwa wakfu yalikuwa Grinton tu, chini karibu na Reeth, na aliyefia Keld alibebwa mabegani zaidi ya kilomita 20, siku mbili, katika jeneza jepesi la fito zilizosukwa. Mwaka huo kanisa la Muker lilipata makaburi yake na njia ikafupika. Wewe unaipanda njia ambayo wao waliishuka.

Kati ya Gunnerside na Muker kila shamba lina banda lake la mawe, na mgeni hudhani ni nyumba zilizoachwa. Hesabu yake ni hii: majani ya shamba yalikatwa, yakakaushwa na kupakiwa ghorofani; ng'ombe wanne au watano walifungwa chini majira yote ya baridi; mkulima alipita kila siku kuwalisha na kuwanywesha; masika yakifika samadi ilitandazwa kwenye shamba lile lile. Hakuna mzigo uliobebwa mbali. Trekta na mabanda makubwa ya kisasa vimeiua hesabu hiyo, na sasa mabanda mengi ni matupu.

Mashamba ya majani ya Muker ndiyo yanayowaleta watu. Njia ni mstari wa mawe bapa, na kibao kinaomba mtembee mmoja nyuma ya mwingine. Tii, maana majani yaliyokanyagwa hulala na mashine haiyakati, na hicho ni chakula cha mifugo cha Januari. Chuchumaa utazame chini. Kuna ua la manjano lenye kifuko kilichobonyea; mizizi yake hujishika kwenye mizizi ya nyasi na kuzinyonya, nyasi hudhoofika, na maua mengine hupata nafasi. Mbegu zake zikikauka hulia ndani ya kifuko kama kayamba kadogo, na wakulima wa zamani waliposikia mlio huo walijua majani yameiva. Ukiweka mbolea ya chumvichumvi nyasi hushinda na maua hupotea, ndivyo Uingereza ilivyopoteza karibu asilimia 97 ya mashamba ya aina hii tangu miaka ya 1930.

Muker ina duka la chai na bendi ya tarumbeta iliyoundwa mwaka 1897. Jaza chupa na kula hapa, kwani Keld ina machache mno. Kutoka kijijini vuka mashamba hadi daraja la miguu, geuka kushoto ng'ambo ya mto, panda hadi magofu ya Crackpot Hall. Jina linachekesha Waingereza, kwa kuwa leo neno hilo ni la kumwita mtu punguani, lakini ni la Kinorse, lugha ya kale ya Skandinavia: shimo la kunguru. Waskandinavia walioingia karne ya 10 ndio walioacha majina mengi ya hapa, Keld ikiwa chemchemi na Muker shamba jembamba. Nyumba ilihamwa miaka ya 1950 kwa sababu mashimo ya migodi yalikuwa yakiizamisha. Usiingie ndani ya kuta, mandhari ya nje yanatosha na ndiyo bora zaidi bondeni.

Kondoo weusi wa uso wenye mdomo mweupe na pembe zilizojikunja, dume na jike, ni aina ya Swaledale. Kila kundi lina kipande chake cha mlima bila uzio. Jike humfundisha mwanawe mpaka, na shamba likiuzwa kundi huuzwa nalo. Wachungaji wa zamani waliwahesabu kwa namba zao wenyewe: yan, tan, tether, mether, pip, ndiyo tano.

Keld ndipo Coast to Coast inapokatana na Pennine Way, njia nyingine ndefu ya miguu, ambayo kesho utaifuata. Mwenye siku ya ziada apande kilomita 6.5 hadi Tan Hill, baa iliyo juu kuliko zote Uingereza, mita 528. Novemba 2021 theluji iliwafungia humo watu kama sitini kwa usiku tatu, pamoja na bendi iliyokuwa imekuja kupiga onyesho moja.

Siku ya 5: Keld hadi Hawes, kama kilomita 20

Kila kilomita 5 hesabu saa moja, na kila mita 600 za kupanda ongeza saa moja nyingine. Leo inatoka karibu saa tano za kutembea, saba ukipumzika kibinadamu. Ondoka saa mbili asubuhi.

Thwaite ni nyumba chache tu, lakini ndiko walikozaliwa ndugu Richard na Cherry Kearton, watoto wa mkulima waliojificha hata ndani ya ngozi ya ng'ombe iliyojazwa ili wapige picha za ndege. Cherry alifika Afrika Mashariki na mwaka 1909 akampiga Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, picha za sinema katika safari yake ya uwindaji. Kutoka kijiji hiki cha kondoo hadi nyika za Kenya!

Halafu unapanda Great Shunner Fell, mita 716. Mboji ya juu hunyonya maji kama sifongo, na zamani watembeaji walizama hadi magotini wakiikwepa njia na kuipanua kila mwaka. Sasa pametandazwa mawe bapa. Mawe mengi ya namna hii kwenye Pennine Way yalitolewa kwenye sakafu za viwanda vya nguo vya Lancashire vilivyobomolewa, na ukitazama utaona matundu ya mashine. Watu wa risasi walishuka kwenda viwandani. Sakafu za viwanda zimepanda kurudi milimani. Yakilowa, kanyaga katikati, na usijaribu jiwe lililozama upande mmoja.

Kileleni kuna ukuta wenye umbo la msalaba wa kujikinga upepo: kaa upande usio na upepo, vaa koti kabla hujahisi baridi. Ukiumia, piga 999, omba polisi kisha uokoaji wa milimani. Bila mtandao, piga filimbi mara sita kwa dakika, nyamaza dakika moja, rudia.

Mteremko hadi Hardraw ni mrefu na unachosha magoti. Maporomoko ya Hardraw, mita 30 za maji yanayoanguka bila kugusa mwamba, yanalipiwa kiingilio kidogo. Hawes iko kilomita mbili mbele, na jibini la Wensleydale linauzwa kiwandani kwake.

Hawes pia haina treni. Basi dogo huenda stesheni ya Garsdale, kilomita 10 magharibi, kukutana na baadhi ya treni za Leeds na Carlisle. Angalia siku, kwa kuwa Jumapili ratiba ni nyingine, na stesheni imekaa peke yake bila duka. Beba chakula na vazi la joto hata Julai.